Kipi Kitangulie, Bolti au Zege?

Watu hawa watatu sikuwakuta siku moja mahali pamoja. Sauti zao nimezisikia kwenye saiti mbalimbali za viwanda, kila mmoja akiwalalamikia wenzake wawili ambao hawapo. Nimewaketisha pamoja kwa sababu naamini ugomvi wao ni mmoja, na usipomalizwa mezani humalizwa na mashine yenyewe, pengine usiku, mwendeshaji akiwa amesimama kando yake.

Tuseme wako kwenye kiwanda cha saruji katika pwani ya Tanzania. Mbele yao upo msingi wa feni kubwa, lile lipulizi linalovuta hewa ya moto kutoka kwenye tanuri. Zege limekwisha kumwagwa na limefikisha siku 28. Bolti nne za M24 zimesimama, meno yake yamefungwa nailoni yasiliwe na chumvi ya bahari. Zimezama milimita 300 ndani ya zege na zimeachana milimita 300. Kazi safi. Ila mchoro wa mwisho wa feni umefika baada ya zege kumwagwa, na matundu ya fremu yake yamesogea milimita 60 kuelekea ukingo wa msingi.

MENEJA: Mimi sioni kwa nini tunakaa kikao. Kata hizi bolti usawa wa zege, pima upya, toboa matundu mapya, tia gundi ya epoksi, chomeka bolti. Kesho kutwa msingi uko tayari. Feni ikifika, kreni nitailipia kwa siku, jamani.

FUNDI: Bosi, mimi nimefunga bolti tangu hawa vijana hawajazaliwa. Bolti inayomwagiwa zege imezaliwa ndani ya nyumba. Ya kuchomeka na gundi ni mpangaji. Siku kodi ikipanda anahama.

MENEJA: Gundi ya leo si ya zamani, Mzee. Wanaijaribu mbele yetu. Wanaivuta kwa jeki, bolti haitikisiki.

INJINIA: Shikamoo Mzee. Samahani nimechelewa, nilikuwa napima ukingo.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Umepata ngapi?

INJINIA: Bolti zilipo sasa, kutoka ukingoni ni milimita 210. Tukizisogeza 60, tunabaki na 150. Ndiyo sababu nilikuwa natembea na karatasi. Meneja anauliza kama gundi inashika, na gundi nzuri inashika. Mimi nataka kujua siku mzigo ukizidi, kitu gani kitaachia kwanza.

Hapo ndipo kiini cha mjadala huu kilipo, nami sitajifanya sina upande. Watu wengi, hata waliosoma, huamini bolti ikiwa ngumu zaidi basi msingi ni salama zaidi. Nimeona maombi ya ununuzi yakibadilishwa kutoka bolti za daraja la 4.6 kwenda 8.8 kwa nia njema kabisa, “ili tuwe na uhakika”. Nadhani ni moja ya makosa ya hatari zaidi katika kazi hii, maana mfanyaji hutoka pale akijihisi amekuwa mwangalifu.

INJINIA: Chukua bolti moja tu, katikati ya zege pana, mbali na ukingo. Imezama 300, chini ina kichwa. Zege lina nguvu ya megapaskali 25. Ukiivuta juu, zege halitoboki kama tundu la sindano. Linameguka kipande chenye umbo la koni: ncha iko kwenye kichwa cha bolti, mdomo uko juu. Na mdomo huo ni mpana kuliko watu wanavyofikiri. Unaenea mara moja na nusu ya kina kila upande. Bolti hii ya milimita 300 inahitaji milimita 450 za zege pande zote.

FUNDI: Nimewahi kuiona hiyo koni. Pampu ilikwama, ikang'oka na zege lake, kama jino na fizi.

INJINIA: Basi kanuni za Marekani, zile za ACI 318, zinalipa zege hilo kilonyutoni 260 hivi, tani 26, kabla hatujapunguza chochote kwa ajili ya usalama, na tukikubali kwamba zege lina nyufa, maana zege la kiwandani lina nyufa. Sasa upande wa chuma. M24 kwenye meno ina milimita za mraba 353. Daraja 4.6, ile namba ya kwanza ukiizidisha mara mia unapata megapaskali 400. Bolti inakatika kwenye 141. Chukua 8.8: inakatika kwenye 282.

MENEJA: Kwa hiyo 8.8 ni mara mbili.

INJINIA: Ni mara mbili, na ndiyo mbaya hapa. Kwa 4.6, bolti inakatika kwenye 141 wakati zege bado lina nafasi mpaka 260. Kwa 8.8, zege linameguka kwenye 260 kabla bolti haijafika 282. Umelipa pesa zaidi ili kinachovunjika kihame kutoka kwenye chuma kwenda kwenye zege.

MENEJA: Lakini 260 bado ni kubwa kuliko 141! Hesabu yako mwenyewe.

Meneja hapa ana hoja, na wanaomcheka wanakosea. Kwa nguvu peke yake, yuko sahihi. Tofauti iko katika namna ya kuvunjika. Chuma laini kikizidiwa hurefuka kwanza. Nati inaonekana imelegea, grauti iliyojazwa chini ya fremu inapasuka pembeni, mashine inaanza kuimba vibaya, na mtu wa zamu anasikia. Zege halina hatua hiyo. Liko kimya mpaka linapomeguka, na linapomeguka limekwisha. Ndiyo maana waandishi wa kanuni, hasa kwa maeneo ya matetemeko, hutaka chuma kitangulie.

FUNDI: Hiyo milimita 450 mimi nilifundishwa tofauti. Tulikuwa tunachora pembe ya nyuzi 45. Kina kikiwa 300, mdomo 300 kila upande.

INJINIA: Mzee, ulifundishwa sawa kwa wakati ule. Hesabu ya nyuzi 45 ilitumika miaka mingi. Halafu majaribio yakakusanywa, na mwaka 1995 Fuchs, Eligehausen na Breen wakachapisha njia nyingine: koni ni bapa zaidi, karibu nyuzi 35 kutoka usawa wa zege. ACI 318 ikaiingiza mwaka 2002 kama Kiambatisho D, na mwaka 2014 ikawa Sura ya 17. Ulaya nao wana EN 1992-4 ya mwaka 2018, yenye mzizi huohuo.

FUNDI: Na kwa nini kina kikizidi mara mbili nguvu haizidi mara nne? Mdomo wa koni eneo lake linaongezeka mara nne.

INJINIA: Kwa sababu zege halipasuki lote kwa pamoja. Chukua kanga. Ukitaka kuipasua kwa kuivuta kutoka pande zote, utatoka jasho. Ukianza na mchano mdogo ukingoni, inafuata yenyewe mpaka mwisho. Ufa unaanzia kwenye kichwa cha bolti, unapanda. Kwa hiyo kina kikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara 2.8 tu. Hiyo ndiyo maana ya kile kipeo cha moja na nusu kwenye fomula.

FUNDI: Kanga nimeielewa. Fomula achana nayo.

MENEJA: Tunazo bolti nne lakini. Mara nne ya 260 ni zaidi ya elfu moja. Feni yangu haina mvuto wa tani mia.

INJINIA: Bolti nne zilizoachana 300 hazina koni nne, Meneja. Koni zao zimeingiliana. Wote wanne wanakula sahani moja. Ukipima eneo la mdomo wa pamoja, unapata mara 1.78 ya bolti moja, siyo mara nne. Kilonyutoni 462, na hapo nimekupa zege lisilo na ukingo karibu.

Hili la sahani moja ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya michoro. Nimeona misingi iliyoongezewa bolti kutoka nne hadi nane, zikibanwa katikati ya zilezile nne za mwanzo, na nguvu ya zege haikuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni matundu.

INJINIA: Sasa turudi kwenye 150 ya ukingo. Bolti inayohitaji 450 ukiipa 150, sehemu kubwa ya koni iko hewani. Eneo linabaki theluthi mbili. Halafu kanuni inapunguza tena kwa 0.8, maana mikazo karibu na ukingo haigawanyiki vizuri. 260 inakuwa 139.

FUNDI: Na bolti yetu ya 4.6 ni 141.

INJINIA: Ndiyo, Mzee. Hata ile bolti laini, yenye tabia njema, hapo ukingoni zege linaitangulia. Na hiyo ni bolti ya kumwagiwa yenye kichwa. Ya kuchomeka, kanuni inaipa saba pale ilipoipa ya kumwagiwa kumi, isipokuwa majaribio ya bidhaa yenyewe yathibitishe zaidi. Tunaangukia 97. Bado sijaigusa gundi.

MENEJA: Iguse basi, tumalize.

INJINIA: Gundi ina maadui watatu hapa. Wa kwanza ni vumbi. Drili inayogonga inaacha unga ndani ya tundu, na gundi ikimwagwa juu ya unga inashika unga. Lazima upulize, upige brashi, upulize tena, kwa idadi aliyoandika mtengenezaji. Mwisho wa zamu, saa kumi na mbili jioni, brashi imepotea na kompresa inatumika kwingine, ni nani anarudia mara ya pili?

FUNDI: Hakuna. Mimi nakwambia ukweli, hakuna.

INJINIA: Wa pili ni joto. Epoksi inalegea ikipashwa, na sisi tuko kwenye feni ya hewa ya tanuri. Wa tatu ni muda, naye ndiye aliyeua mtu kule Boston.

Habari ya Boston naijua vizuri kiasi cha kuisimulia mwenyewe. Tarehe 10 Julai 2006, ndani ya handaki la barabara kuu ya I-90, paneli za zege za dari zenye uzito wa tani 26 hivi ziliangukia gari dogo. Abiria alikufa, dereva akajeruhiwa. Dari lile lilikuwa limening'inizwa kwa bolti zilizochomekwa juu kwa gundi ya epoksi. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilikuta kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ile inayokauka haraka, na kwamba haikuwa na uwezo wa kubeba mvuto wa kudumu. Ilitambaa. Kila siku nywele moja, mpaka bolti zikatoka. Na bolti zile zilikuwa zimejaribiwa kwa jeki! Miaka kadhaa kabla ya ajali, baadhi zilionekana zimeshuka, zikawekwa nyingine, zikavutwa tena, zikafaulu. Jeki inavuta kwa dakika chache. Dari linavuta mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Miaka sita baadaye, tarehe 2 Desemba 2012, dari la handaki la Sasago huko Japani lilianguka na kuua watu tisa. Nalo lilining'inia kwenye bolti za gundi, baada ya miaka 35 ya kazi.

MENEJA: Hayo ni madari. Bolti zinaning'inia. Yangu ni feni, imekaa chini kwa uzito wake.

INJINIA: Hiyo ni kweli, na sisemi gundi haina mahali pake. Ngazi, vishikio, mabomba madogo, nguzo za uzio, natumia gundi na nalala usingizi. Majaribio maalumu ya mvuto wa kudumu yapo, na bidhaa zilizofaulu zipo. Lakini bolti ya feni lazima ikazwe sana ili mtikisiko usiichoshe. Ukishaikaza, ina mvuto wa kudumu, hata kama feni imezimwa. Imekuwa dari.

Nilipoandika sentensi hiyo ya mwisho nilisimama kidogo, maana ndiyo inayosahaulika. Tunaposema “mzigo” tunafikiria mashine ikiwaka. Bolti iliyokazwa haijui kama mashine inawaka.

MENEJA: Sawa. Gundi nimeiacha. Basi zipigeni moto hizi zilizopo, zikunjwe kidogo, milimita 60 tu.

FUNDI: Hapana bosi. Hilo hapana.

MENEJA: Lakini mmelifanya mara ngapi?

FUNDI: Mara nyingi, na ndiyo maana nakataa. Ukiikunja, ukiikaza nati inataka kunyooka. Inalimega zege mdomoni. Na zikiwa ngumu, zile za 8.8, moto wa gesi unaziua.

INJINIA: Zimepata ugumu wao kwa kupashwa na kuzimwa kiwandani. Ukizipasha hapa kwa gesi unaufuta, na nje hazionyeshi.

FUNDI: Mimi zamani ndoano ndiyo ilikuwa kila kitu. Bolti ya J, tunakunja mwisho, tunaifunga kwenye nondo. Siku moja nikaona moja imetoka nzima, imenyooka kama ndoana iliyovutwa na papa. Zege halikuvunjika hata chembe. Tangu siku hiyo natia kichwa au nati na bamba chini.

Mzee huyu ndiye ninayempenda zaidi katika mjadala huu. Alibadili mazoea ya maisha yake kwa kuona kitu kimoja na kukiamini. Vitabu vilisema hilohilo, ila yeye hakulitoa vitabuni.

MENEJA: Na kubomoa?

INJINIA: Kubomoa kunawezekana. Tunabomoa juu mpaka nondo zionekane, tunapanua msingi, tunaweka bolti mpya zenye vichwa. Na tukiwa na nafasi finyu hatuliachii zege peke yake kubeba mvuto. Tunasimamisha nondo karibu na bolti, ndani ya nusu ya kina chake, zishike pande zote mbili za ile koni. Koni ikitaka kutoka, nondo zinaishikilia kama mizizi. Juu kabisa tunafunga pete zinazozizunguka bolti, ndani ya milimita 125 za mwisho. Misingi mingi ya mitambo ya mafuta na kemikali duniani husanifiwa hivyo, kwa sababu nguzo fupi za mashine karibu kila mara hazina upana wa koni.

MENEJA: Siku ngapi?

INJINIA: Kubomoa, kusuka, kumwaga, kungoja nguvu. Wiki nne ukibahatika.

MENEJA: Wiki nne siwezi.

Kimya. Kikao cha kweli hufika hapa, na hapa ndipo mara nyingi mwenye cheo hushinda. Feni hukaa juu ya gundi, kila mtu anaweka sahihi. Sitaki kuuandika mwisho huo, ingawa najua umetokea. Ila ipo njia niliyoiona ikifanya kazi, na kwa kawaida anayeileta ni yule ambaye hakuulizwa.

FUNDI: Bosi, feni yenyewe iko wapi?

MENEJA: Iko kwa mtengenezaji. Meli inaondoka mwisho wa wiki ijayo.

FUNDI: Kwa hiyo fremu bado iko karakana.

MENEJA: Ndiyo.

FUNDI: Sasa kwa nini tunatoboa zege? Watoboe chuma.

INJINIA: Mzee!

FUNDI: Bolti zangu ziko pale zilipo, zina ukingo wa 210, zina kichwa, zina nondo. Fremu ni chuma. Wapeni vipimo vya bolti zilivyo, si zilivyochorwa. Waongeze bamba, wahamishe matundu. Chuma kinachomelewa, kinapimwa, mtu anakiona.

INJINIA: Itabidi wakague ugumu wa fremu upya, milimita 60 ni mkono wa nyongeza kwa feni inayotikisika. Na 210 nayo siyo 450. Nimeipigia hesabu hapa: eneo linabaki asilimia 73, punguzo la ukingo ni 0.84, tunapata kilonyutoni 160. Ndogo, lakini iko juu ya 141. Chuma kinatangulia, na nondo za Mzee ni akiba juu yake.

MENEJA: Kwa shida.

INJINIA: Kwa shida, na kwa bolti moja tu. Zile mbili za ukingoni zinagawana sahani, kwa hiyo kwa pamoja lazima nondo zihesabiwe. Nitazihesabu leo. Na ndiyo maana nakuomba, Meneja, kwenye msingi mwingine wa namna hii asije mtu akaweka bolti za 8.8 kwa sababu duka limeishiwa 4.6. Kwenye mchoro nitaliandika kwa wino mwekundu.

MENEJA: Niandikie barua kwa mtengenezaji. Lakini vipimo viwe vya kweli. Wakitoboa kwa vipimo vibovu tutakuwa tumekosea mara mbili.

FUNDI: Karatasi sitaki. Nipe kipande cha bati jembamba, ukubwa wa fremu.

Akalilaza lile bati juu ya bolti nne, akaligonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka kila kichwa cha meno kikaacha alama yake. Akavuta futi ya chuma kutoka pembe hadi pembe, akaandika. Akavuta pembe nyingine, akaandika. Zilitofautiana milimita mbili. Akalitoa bati, akazifuta alama kwa kiganja, akalilaza tena kuanza upya.